Vitu Visivyo na Nambari: Historia Fupi ya Daftari la Makumbusho, Kutoka Nsongezi hadi Nakivale

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na wanafunzi huikariri bila taabu. Walakini ni mara chache tumesimama kujiuliza daftari lenyewe huandikwaje, na ni jambo gani hutokea kwa mali ambayo imo nyumbani lakini haimo daftarini. Katika makala haya tumekusudia kulitazama swali hilo kwa njia ya historia. Tutatumia mifano ya makumbusho ya Uganda, hasa ya nchi ya Ankole, na mwisho tutaeleza jambo dogo lililotupata sisi wenyewe katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambalo ndilo lililotusukuma kushika kalamu.

Huenda msomaji akauliza: mwalimu wa lugha ana haja gani na nambari za makumbusho? Jibu letu ni kwamba nambari ya makumbusho ni maandishi, na kila maandishi yana sarufi yake. Kuna nambari inayosema kweli, na kuna nambari inayosema uongo.

Jina na maana yake

Tuanze na neno lenyewe. Makumbusho ni jina lililotokana na kitenzi kumbusha, nacho ni kumbuka kilichopewa uwezo wa kumtendesha mtu mwingine. Kwa hiyo, makumbusho ni mahali pa kumkumbusha mtu asije akasahau. Ndugu zetu Wanyankore nao wamefuata njia iyo hiyo. Pale Biharwe, umbali wa kilomita 12 hivi kutoka mjini Mbarara katika barabara ya kwenda Masaka, kipo kituo cha utamaduni cha Igongo, na jumba lake la makumbusho linaitwa Eriijukiro. Neno hilo limetokana na okwijuka, yaani kukumbuka. Lugha hizi mbili za Kibantu hazikukaa pamoja zikakubaliana, lakini kila moja iliona kwamba kiini cha nyumba hiyo ni kumbukumbu.

Si kila mara watu waliiona hivyo. Makumbusho ya Uganda yalipofunguliwa mwaka 1908 katika ngome ya Lugard, Old Kampala, wenyeji waliyaita Enyumba y'Amayembe, yaani nyumba ya pembe za uganga. Ilikuwa nyumba iliyojazwa vitu vya ibada vilivyotoka mikononi mwa wenyewe, na watu wengi waliiogopa. Vitu vilikuwamo, lakini si vyote vilivyoingia pamoja na habari zake.

Daftari la kinywa na daftari la karatasi

Hapana budi tukiri kwamba mababu zetu walijua kuhifadhi vitu bila kuviandika nambari. Ngoma kuu ya ufalme wa Nkore, iitwayo Bagyendanwa, haikuwa na kikaratasi kilichofungwa shingoni mwake. Ilikuwa na walinzi, ng'ombe wake, na sadaka zake. Mtu aliyetaka kujua asili yake hakufungua kitabu, bali alimwendea mlinzi. Mlinzi ndiye aliyekuwa daftari, na alipozeeka alimfundisha mwingine.

Daftari la namna hiyo ni imara maadamu mnyororo wa walinzi haukatiki. Mwaka 1967, katiba mpya ya Uganda ilipofuta falme zote, kazi za namna hiyo zilikosa msingi wake wa kisheria. Ndipo tunapoiona haja ya daftari la karatasi. Nambari ni kibadala cha mlinzi aliyeondoka. Haina ufasaha wake wala heshima yake, lakini inaweza kusimama mahali pake na kumwonyesha mtafutaji ukurasa wa kusoma.

Jinsi nambari inavyojengwa

Nambari ya makumbusho si tarakimu zilizotupwa ovyo. Katika utaratibu ulioenea katika nchi nyingi, kitu kinapopokewa rasmi hupewa nambari yenye sehemu tatu, zilizotenganishwa kwa nukta. Sehemu ya kwanza ni mwaka wa kupokewa, ya pili ni fungu la mapokezi katika mwaka huo, na ya tatu ni kitu chenyewe ndani ya fungu. Tuchukue mfano wa ekyanzi, chombo cha mti cha maziwa cha Wanyankore. Tuseme kilipokewa mwaka 1958, katika fungu la saba, kikiwa kitu cha 12. Nambari yake itakuwa 1958.7.12. Ikiwa kina kifuniko, chombo chenyewe kitaandikwa 1958.7.12a na kifuniko 1958.7.12b, ili siku vikitengana kila kimoja kijulikane ndugu yake.

Basi, nambari hiyo ni sentensi nzima iliyofupishwa. Inasema: "Nilipokewa mwaka huu, pamoja na wenzangu hawa, na aliyenitoa ameandikwa katika ukurasa huu." Kama vile kiambishi cha kitenzi kinavyotuambia nafsi na wakati, ndivyo kila sehemu ya nambari inavyobeba habari yake.

Vitu vya machimbo vina utaratibu mwingine. Katika Isingiro, nchi ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara, pana mahali pawili panapojulikana na wataalamu wa mambo ya kale. Pa kwanza ni Nsongezi, penye pango la mwamba karibu na mto Kagera. E. J. Wayland, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya jiolojia ya Uganda, alipachunguza, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 pango lilichimbwa tena. Pa pili ni Bweyorere, palipokuwa makao ya wafalme wa Nkore tangu karne ya 17, ambapo Merrick Posnansky, aliyekuwa mhifadhi wa Makumbusho ya Uganda, alichimba mwaka 1959. Machimbo ya namna hiyo hutoa vigae vya vyungu, mifupa na mawe yaliyochongwa kwa wingi mkubwa. Mchimbaji huandika alama ya mahali, mraba wa shimo, tabaka la udongo, kisha nambari ya mfuko. Kigae kilichopotewa na tabaka lake hakina tena ushahidi wa kutoa. Kimegeuka kuwa kigae tu.

Visivyoandikwa

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno yetu. Katika kila jumba kubwa la makumbusho duniani vimo vitu visivyokuwa na nambari yoyote. Sababu zake ni nyingi. Kuna vilivyopokewa kabla daftari halijaanza kuandikwa. Kuna ambavyo kikaratasi chake kililiwa na wadudu au uzi wake ukakatika. Kuna vilivyoazimwa visirudishwe, na kuna vilivyoachwa mlangoni na mtu asiyetaja jina lake. Tena kuna kuhama. Makumbusho ya Uganda peke yake yalihama kutoka Old Kampala hadi Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1940, alipoyasimamia Margaret Trowell, kisha yakahamia jengo lake la sasa la Kitante mwaka 1954, wakati wa Klaus Wachsmann. Yeyote aliyewahi kuhama nyumba moja tu anajua jinsi kifuniko kinavyofika na sufuria ikabaki, na jinsi kikaratasi kinavyoanguka katikati ya safari. Kuhama ni adui wa kumbukumbu.

Mhifadhi akutapo kitu cha namna hiyo rafuni, hushawishika kufanya moja kati ya makosa mawili. Kosa la kwanza ni kukiacha kilivyo, kwa kuwa hakimo daftarini. Kosa la pili, ambalo ni baya zaidi kwa sababu linafanana na bidii, ni kukipa papo hapo nambari kamili ya mwaka huu, kana kwamba kimepokewa leo. Akifanya hivyo ameandika uongo mara tatu. Amesema kitu kimeingia mwaka ambao hakikuingia, amesema jumba linakimiliki ilhali huenda kiliazimwa, na amekifungia mlango wa kurudi kwenye nambari yake ya zamani ambayo pengine bado ingali ikikingojea katika kitabu cha miaka 60 iliyopita.

Njia iliyo sawa ni ya katikati, nayo ni nambari ya muda. Kanuni zake ni chache, na twaziandika hapa kwa kuwa zafaa hata kwa kabati la shule:

1. Nambari ya muda isifanane na nambari kamili. Itanguliwe na herufi yake maalumu, ili asomaye ajue mara moja kwamba kitu hiki kimekutwa, hakikupokewa.

2. Mwaka unaoandikwa uwe mwaka wa kukutwa, na daftari liseme hivyo waziwazi.

3. Paandikwe mahali kilipokutwa, rafu gani, sanduku gani, na kilikuwa karibu na nini. Jirani wa kitu mara nyingi ndiye shahidi wake.

4. Maandishi yoyote ya zamani yaliyomo juu yake yasifutwe, hata kama hayasomeki.

5. Kikaratasi kifungwe kwa uzi wa pamba na kiandikwe kwa penseli, maana gundi huharibu na wino huchuja.

6. Ikiwa nambari ya asili itapatikana, hiyo ndiyo itakayoshika. Nambari ya muda isifutwe daftarini wala isipewe kitu kingine kamwe, bali ibakie kama nyayo za njia iliyopitiwa.

Ngao ya mwaka 1978

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya makarani tu. Katika British Museum ya London imo ngao ya wenyeji wa Australia ambayo nambari yake ni Oc1978,Q.839. Herufi mbili za kwanza zaonyesha nchi za Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1978 si mwaka ilipofika London, bali ni mwaka ilipoandikwa. Na herufi Q ndiyo iliyotengwa kwa vitu vilivyokutwa ndani ya jumba bila kumbukumbu ya kupokewa.

Kwa miaka mingi ngao hiyo ilisemwa kuwa ndiyo iliyochukuliwa na watu wa Kapteni Cook waliposhuka Botany Bay mwezi wa Aprili 1770, siku ambayo wenyeji walipigwa risasi. Wazao wa watu wale waliidai irudishwe. Baadaye wataalamu waliuchunguza mti wake, wakaona kuwa ni wa aina ya mkoko usiomea Botany Bay, bali unaomea mbali upande wa kaskazini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulitia shaka kubwa juu ya habari ile ya 1770.

Fundisho lake ni lipi? Ni kwamba Q ile ilisema kweli tangu mwanzo. Ilisema: "Sijui nilivyoingia." Watu ndio waliotaka iseme zaidi. Hata hivyo, dai la wazao halikufutika kwa sababu ya aina ya mti. Ngao ni ya watu fulani wa Australia, na kutojulikana kwa mwenyewe si hati ya umilikaji. Mtu asiyejua nguo aliyoikuta kabatini mwake ni ya nani hawezi kusema kwamba basi ni yake.

Vilivyoandikwa na vinavyorudi

Kwa upande wa pili, tazameni faida ya kuandika. Mchungaji John Roscoe alipeleka masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwanzoni mwa karne ya 20. Roscoe huyo ndiye aliyeongoza msafara wa Mackie wa miaka ya 1919 na 1920 uliopita Ankole na Bunyoro, na kitabu chake juu ya Wanyankore kilitoka mwaka 1923. Hatusemi kwamba njia zilizotumika kuvipata vitu zilikuwa za haki zote. Walakini masalia ya Kibuuka yalikuwa yameandikwa, na kwa kuwa yaliandikwa yaliweza kutajwa, kutafutwa na kudaiwa. Mwaka 1962, Uganda ilipopata uhuru, yalirudishwa Kampala. Mwezi wa Juni 2024 vitu vingine 39 vilitoka Cambridge vikaja Makumbusho ya Uganda, ingawa kwa mkopo wa miaka 3 ya kwanza. Kumbe daftari lililoandikwa na mchukuaji laweza siku moja kuwa ushahidi wa mwenye mali.

Je, vile visivyoandikwa vitadaiwa na nani, na kwa jina gani?

Ufunguo wa Nakivale

Makazi ya Nakivale yalifunguliwa mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Wakimbizi wa kwanza walikuwa Wanyarwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali, Waeritrea na wengine, na katika soko na madarasa Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao. Huko ndiko tulikofundisha.

Kwa ajili ya Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo huadhimishwa tarehe 7 Julai, tuliwaomba wanafunzi walete kila mmoja kitu kimoja kilichotoka kwao, wakieleze kwa Kiswahili fasaha. Vililetwa vitu 31. Kilikuwapo kinu cha mti, chombo cha maziwa cha Kisomali, vikapu vya Burundi, na sahani moja ya bati iliyotobolewa. Tuliviandika katika daftari la kawaida la mazoezi kutoka 1 hadi 31, pamoja na jina la aliyeleta, mahali kilikotoka, na maelezo yake.

Siku mbili baada ya maonyesho, tulipokuwa tukifungasha, tulikuta ufunguo wa chuma uliokwisha kuliwa na kutu. Haukuwamo daftarini. Twakiri kwamba fikira yetu ya kwanza ilikuwa kuutupa pamoja na takataka. Ya pili ilikuwa kuuandika 32, ili hesabu iwe safi. Mwanafunzi mmoja wa kike akatukatiza kwa adabu. "Mwalimu," alisema, "tukiandika 32 tutakuwa tumesema kwamba mwenyewe aliuleta, akatwambia habari zake, nasi tukasikia. Hakuna aliyetwambia."

Tukafungua ukurasa mpya mwishoni mwa daftari. Tukaandika herufi B, kwa maana ya "bila", na nambari 1. Chini yake binti yule akaongeza kwa penseli: "Umekutwa tarehe 9 Julai ndani ya kinu nambari 9, chini kabisa."

Wanafunzi walianza kutania. Mmoja alisema kwamba B 1 ni kama mtu aliyefika usiku, ambaye bado hajapata kadi. Darasa zima lilicheka, kwa kuwa kila mmoja wao anaijua siku ya kupanga foleni, kuwekwa alama za vidole na kutajiwa nambari ya familia. Hatukucheka nao. Tuliwaambia kwamba mtu si kitu, na kwamba mtu asiye na kadi angali na jina lake na kinywa cha kulisema. Kitu ndicho kisichokuwa na kinywa, na ndiyo sababu tunaazima kinywa chetu na kukipa.

Wiki kadhaa zikapita. Kijana aliyeleta kinu nambari 9 alikuwa amehamishwa na jamaa zake kwenda kijiji kingine mbali, na hakurudi shuleni. Siku moja mama yake alikuja akiwa amechoka kwa mwendo. Hakuja kwa ajili ya kinu. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetarajia kukataliwa, kama tumewahi kuona ufunguo. Alikuwa akiuficha ndani ya kinu tangu walipotoka Uvira, na mwanawe alikibeba kinu bila kujua kilichokuwamo.

Tulilifungua daftari. Ule mstari wa penseli juu ya kinu nambari 9 ulikubaliana na maneno yake neno kwa neno, nasi hatukuhitaji ushahidi mwingine. Tulipompa ufunguo aliutia ndani ya ncha ya kitenge akafunga fundo.

"Mwalimu," alisema, "ile nyumba sijui kama ingaliko. Lakini ufunguo uko."

Binti yule alitaka kuufuta ukurasa wa B 1, kwa kuwa sasa mwenyewe amepatikana. Tukamkumbusha kanuni ya sita. Akaandika mbele yake: "Umerudishwa kwa mwenyewe." Ukurasa huo ungalipo.

Hatima

Walimu wenzetu, shule zetu nyingi zina kabati ambamo vitu hukusanyika mwaka hata mwaka: vyungu, ngoma zilizopasuka, picha za walimu wa zamani, makombe ya mashindano yasiyo na maandishi. Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila shule yenye kabati la namna hiyo iwe na daftari moja, na kazi ya kuliandika wapewe wanafunzi wa Kiswahili. Hakuna zoezi la ufupisho lililo bora kuliko kueleza kitu kizima kwa mistari mitatu iliyo kweli. Pili, daftari hilo liwe na kurasa za nyuma kwa ajili ya vile tusivyovijua, vyenye herufi yake na nambari yake ya muda. Tusione aibu kwa kurasa hizo. Kuandika "hatujui" mahali panapostahili ni elimu, na ni adabu kwa yule anayejua ambaye bado hajafika.

Wahenga walituonya juu ya mali isiyo na daftari. Sisi twaongeza kwamba daftari lisiloacha nafasi ya visivyojulikana nalo laweza kupoteza mali, tena bila mtu kugundua. Pengine mwenyewe yuko njiani, anatembea kwa miguu, naye atakapofika atauliza kwa sauti ndogo.